Nimeacha nyama, maziwa na mayai nikiwa na miaka 62, sasa mzee amesusa meza

Barua

Mwanangu mshauri, ugonile.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 62. Naishi Rungwe na mume wangu, ambaye amenizidi miaka minane, pamoja na mjukuu wetu wa kiume wa miaka tisa. Mama yake yuko Dar es Salaam kikazi. Tuna ndizi, mahindi, maharage, parachichi zilizoanza kuzaa, na ng'ombe wawili wa maziwa wa kufugia ndani. Hayo maziwa ndiyo yanayotulipia umeme na mahitaji ya mtoto shuleni, maana pensheni ya mwalimu unaijua.

Nina sukari. Iligundulika huu mwaka wa saba, na tangu hapo nameza metformini. Presha pia ninayo, ila haijanisumbua sana. Mwaka jana Kwaresima niliacha nyama kama ninavyofanya kila mwaka. Pasaka ilipofika wenzangu wakarudi kwenye mchuzi, mimi kipande kikanishinda mdomoni. Binti yangu wa Dar ndiye aliyenieleza kwamba kuna watu wanaitwa vigani, hawali nyama, samaki wala mayai, hawanywi maziwa, na wengine sukari yao hushuka. Nikajaribu. Mwanzoni kilichonitesa ni maziwa. Mtu wa Rungwe kuacha mgando si mchezo. Baadaye nikazoea.

Siwezi kusema uongo, nimefaidika. Sukari imeshuka, mwili umepungua, magauni yote nimepeleka kwa fundi yabanwe. Na hili sijamwambia mtu: tangu tulipomuuza yule ndama dume kwa mchinjaji, na mama yake akalia bandani usiku kucha, hata nyama yenyewe nilikuwa nameza tu. Lakini hayo ni mambo ya kizee.

Sasa shida. Mume wangu anaona nimeingia dini mpya. Nyama nimeacha kupika na mayai tunauza yote, nikaona nyumba moja haina haja ya vyungu viwili. Mjukuu tunakula naye hivyo hivyo. Mzee jioni anapita kwenye nyama choma pale senta, anarudi ameshiba, chakula changu hagusi. Juzi aliniuliza mbele ya wageni, "Mwalimu, kama maziwa ni dhambi, hela yake mbona unapokea?" Watu wakacheka, nikakosa jibu. Na hiyo choma yake na bia inamtesa, kidole gumba cha mguu kinavimba usiku hata shuka likigusa anapiga kelele. Ukisema, anakuambia baki na maharage yako.

Kuna misiba. Huku kwetu msiba hauendi bila ng'ombe. Nikikataa sahani, mawifi wananong'ona kwamba nimeogopa chakula chao.

Halafu, na hili huenda ni uzee tu, kama miezi mitatu sasa nyayo zina ganzi, usiku nasikia kama sisimizi wanatembea, na nachoka upesi. Nilipima wingi wa damu nikaambiwa ipo ya kutosha. Binti amenitumia makopo ya poda ya protini na maziwa ya lozi ya boksi, ukisikia bei yake unakaa chini. Wanangu wengine wanasema nirudi kula kama zamani, umri huu si wa majaribio.

Je, nimekosea kuanza jambo hili uzeeni? Na mzee nimwambie nini? Nijibu kwa maneno mepesi, maana miwani yangu imechoka na yeye ndiye hunisomea safu yako kwenye simu.

Mwalimu mstaafu, Rungwe

Majibu

Shikamoo mwalimu,

Ganzi umeiweka mwisho kabisa na kuiita uzee. Mimi naanza nayo, kwa sababu katika yote uliyoandika ndilo jambo pekee lisilotakiwa kusubiri mwezi mwingine.

Sukari yenyewe huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hilo lazima ulishaambiwa kliniki. Lakini upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi ya namna hiyo hiyo, uchovu huo huo, na ukiachwa muda mrefu huleta kupepesuka wakati wa kutembea na kusahausahau. Kwa kuangalia tu hakuna anayeweza kutofautisha. Ya B12 ikigundulika mapema hutibika vizuri. Ikichelewa, kuna mishipa ambayo hairudi tena.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Mimea haina. Binadamu huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Kwa hiyo wanao wanaodhani maharage yamekuumiza ndani ya mwaka mmoja na kidogo hawajapiga hesabu vizuri. Akiba yako, kama imepungua, ilianza kuchotwa zamani. Metformini ikimezwa kwa miaka mingi hupunguza B12 mwilini, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuwapima wagonjwa wanaoitumia pale dalili kama zako zinapojitokeza. Juu ya hapo, tumbo la mtu aliyevuka miaka 50 huweza kutoa asidi kidogo, na bila asidi ya kutosha B12 iliyoshikamana na nyama haiachii. Kama unameza na omeprazo ya kiungulia, hiyo nayo inachangia. Kisha, juu ya hayo yote, ukaacha maziwa. Vikombe viwili kwa siku vilikuwa vinakupa karibu kiasi chote unachohitaji.

Kuambiwa damu ipo ya kutosha kusikutulize. Mboga za majani na maharage zina folati nyingi, vitamini nyingine ya kundi la B, na folati huweza kuifanya damu ionekane nzuri wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuumia. Hapo ndipo wala mboga wengi hujikwaa. Wanasubiri weupe wa viganja na kizunguzungu, na havitokei. Vivyo hivyo usikimbilie vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki, yaani folati ya dukani, peke yake.

Nenda kwa daktari wako wa kliniki ya sukari, mtajie kwa maneno haya matatu: metformini miaka saba, sili chochote cha mnyama, nina ganzi. Omba kipimo cha B12. Hakipo kila mahali, kwa hiyo uwe tayari kuandikiwa rufaa ya kwenda Mbeya mjini, hospitali ya rufaa ya kanda. Usimeze vidonge vya B kabla ya kutoa damu maana majibu yatapotoka, ila kama kipimo kitachukua wiki nyingi kupatikana, mwachie daktari aamue kuanza tiba bila kungoja. Kwa mwenye ganzi tayari mara nyingi huanzia kwenye sindano. Metformini usiiache kwa uamuzi wako. Na kwa kuwa umepungua mwili na sukari imeshuka, dawa zote zipitiwe upya, hasa kama kati yake kuna glibenklamidi, ambayo huweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa mtu aliyebadili chakula. Ukiwahi kutetemeka na kutoka jasho saa nne asubuhi, mwambie na hilo.

Baada ya hapo, ukiamua kubaki na ulaji wako, kidonge cha B12 ni cha maisha. Chama cha vigani cha Uingereza chenyewe kinawaambia watu wake mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Soma pakiti, kwa sababu vidonge vya mchanganyiko wa B vinavyouzwa maduka ya dawa vinatofautiana sana. Atakuja mtu wa dawa lishe na kopo la spirulina, ule unga wa kijani wa mwani, akuapie kwamba ina B12. Iliyomo humo kwa sehemu kubwa mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mpe chai, aende.

Unauliza kama umekosea kuanza uzeeni. Hapana. Chama cha vigani nilichokitaja kilianzishwa mwaka 1944 na kikundi kidogo kilichoongozwa na Donald Watson, mwalimu kama wewe, alikuwa akifundisha useremala Leicester. Alikufa mwaka 2005 akiwa na miaka 95. Sisemi kwamba maharage ndiyo yaliyomfikisha huko, mtu mmoja si ushahidi. Ninachotaka uone ni kwamba wakati wanaanza, B12 ilikuwa haijajulikana. Iligunduliwa na kutengwa mwaka 1948. Wale wa mwanzo walikuwa wanatembea gizani, na baadhi yao waliumwa. Wewe una taa, hivyo huna sababu ya kupita njia yao.

Tuje jikoni. Hujaniandikia sahani yako ina nini, ila nawajua watu wa Rungwe: nyama ikitoka, ndizi zinaongezeka. Magimbi, viazi, ndizi za kupika, ugali, vyote vitamu na vyote ni wanga. Nyama ikiondoka, nafasi yake ichukuliwe na maharage, njegere, karanga au soya, tena kwa wingi kuliko unavyodhani. Wataalamu wa lishe ya wazee hushauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, zaidi ya kijana, kwa sababu misuli baada ya miaka 60 huyeyuka kirahisi. (Mwenye figo iliyoathirika na sukari anapangiwa vingine, kwa hiyo figo nazo zipimwe.) Ukiwa na kilo 60, hiyo ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Konzi ya karanga ina 7. Utaona basi kwamba vijiko viwili vya maharage pembeni ya rundo la ndizi havikufikishi popote. Maharage yawe ndiyo chakula, ndizi ziwe ndiyo kitoweo. Kula mchana na usiku, na asubuhi uji wenye unga wa soya iliyokaangwa na kuiva barabara, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Magauni yaliyobanwa kwa fundi yananifurahisha kwa ajili ya sukari yako, lakini ningependa kujua kama kilichopungua ni mafuta au ni nguvu ya miguu. Jipime hivi: inuka kwenye kiti bila kushika popote. Ikiwa inakuwia vigumu kuliko mwaka jana, ongeza maharage na uendelee kushika jembe.

Kuna jambo la huko juu ambalo watu wa Pwani hawana habari nalo. Tukuyu, mji wenu wa Rungwe, iko mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana maharage hayaivi, na ndiyo maana kila jiko lina magadi. Magadi ni sodiamu, mwalimu, ndugu yake chumvi, na wewe una presha. Pia huharibu baadhi ya vitamini za maharage. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika na maji mapya, funika. Pesa ambayo binti anaitupa kwenye maziwa ya lozi mwambie akununulie sufuria ya presha. Hiyo ndiyo zawadi ya mtu anayekula maharage Nyanda za Juu, na kuni zitapungua nusu ya zilivyokuwa.

Chumvi yenyewe punguza, ila hiyo kidogo iwe ya pakiti, yenye madini joto. Wewe umefundisha wakati ambao rovu lilikuwa la kawaida kwenye shingo za watu wa mikoa yetu hii, na unakumbuka vidonge vya madini joto vilivyogawiwa mashuleni. Udongo wa milimani ni maskini wa madini hayo. Samaki umeacha na maziwa umeacha, vyakula viwili ambavyo vingekupa. Chumvi ya mawe ya ng'ombe ibaki bandani.

Mifupa inanipa wasiwasi kuliko damu. Kuna utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia Waingereza wapatao 55,000 kwa miaka 17 na zaidi kwa wastani. Vigani walivunjika nyonga zaidi ya mara mbili ya wala nyama. Sehemu ya tofauti ilitokana na wembamba wao na kupata kalisi (madini ya kuimarisha mifupa) na protini kidogo, lakini hata hayo yalipohesabiwa tofauti haikuisha yote. Wengi wao walikuwa hawajafika umri wako. Kwa hiyo chainizi na sukuma wiki ziwe za kila siku, kwa sababu kalisi yake huingia mwilini vizuri. Mchicha ni mtamu lakini una kitu kinachoishikilia kalisi yake isitoke. Ufuta usagwe, ukimezwa mzima unatoka mzima. Hata hivyo kikombe kimoja cha maziwa kilikuwa na miligramu 300 hivi, na kufidia vikombe viwili kwa majani tu ni kazi ya kutafuna mchana kutwa. Muulize daktari kuhusu kidonge cha kalisi chenye vitamini D, na toka juani bila sweta pale ukungu unapoachia.

Chuma usihangaike nacho sana. Umeshapita umri wa hedhi, mahitaji yako yameshuka. Ila chai ya rangi, na najua mnaishi katikati ya mashamba yake, inywe saa moja baada ya kula, isiwe pamoja na chakula, na kamulia limau kwenye mboga.

Sasa mjukuu. Hapa sitazunguka. Mtoto wa miaka tisa arudishiwe yai na maziwa kesho asubuhi. Inawezekana kumlea mtoto bila chakula cha mnyama, wapo wanaofanya hivyo, lakini kwa mpango, kwa vidonge, kwa kupimwa, na kwa ridhaa ya wazazi wake. Yeye hakuchagua. Anakula hivyo kwa sababu bibi anapika hivyo. Maziwa yako bandani, mayai yako chini ya kuku, na yanapelekwa sokoni mtoto akiangalia.

Na hapo hapo nikupinge kuhusu vyungu viwili. Uliamua chakula chako, na ilikuwa haki yako. Ukaamua na cha mzee wa miaka 70 bila kumuuliza, ndani ya nyumba yake. Aliposusa meza, nadhani alikuwa anajibu hilo zaidi ya kujibu maharage. Unaweza kupika maharage ya nazi au ya karanga yakaliwa na wote, na siku mbili tatu za wiki kukawa na kuku au samaki wa Kyela kwa ajili yake na mtoto. Kama mkono wako unakataa kushika nyama, sema hivyo, atafutwe wa kupika. Wanaume wa rika lake hawaingii jikoni, lakini wote ninaowajua wanaweza kuchoma nyama nje wenyewe na kujisifu nayo.

Swali lake la hela ya maziwa lilikuwa la kejeli, ila ndani yake kuna hoja, na bora uikubali. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Akizaa dume, na nyumba haina malisho ya kumweka, dume atauzwa, na anayenunua dume dogo ni mchinjaji. Maziwa na yule ndama vimefungwa kamba moja. Nafikiri hilo ulilijua usiku ule mama yake alipokuwa analia, ndiyo maana ukaliandika katikati ya mambo ya magauni na kulifunga haraka kwa "mambo ya kizee". Nyumbani mnagombana kuhusu sukari na protini, kumbe jambo lenyewe ni ndama. Mume wako hawezi kukuelewa kwa sababu umempa sababu ya daktari, na sababu ya daktari hubishaniwa. Hii nyingine hakuna wa kuibishia.

Kwa kuwa yeye ndiye anayekusomea, ameshaijua sasa. Mpe dakika.

Ng'ombe sikushauri uwauze. Ni wenu wawili, na mahitaji ya shule ya mtoto yako pale. Akikuuliza tena, mwambie hujasema maziwa ni dhambi, umesema wewe hunywi; na kwamba parachichi zikianza kuleta hela ya kueleweka, mtakaa mjadili kama banda libaki au lifungwe. Parachichi za Rungwe zina soko, miti yenu ni michanga, mna miaka kadhaa ya kufikiri. Kuishi na jambo ambalo hujalimaliza si unafiki. Ni maisha ya mtu yeyote mwenye familia.

Misiba ni rahisi kuliko unavyoona. Mtu akisema "sili" watu humtazama. Akisema "naomba" hupewa. Nenda mapema, kaa na wanaopika, omba maharage na mboga kabla hazijakutana na mchuzi, kula hadharani na maliza sahani. Wifi akiona umemaliza ugali wake hana la kunong'ona. Usiwaeleze habari za vigani msibani, na usiseme daktari amekukataza kama hajakukataza. "Nyama siku hizi siili, nipe mboga" inatosha.

Poda za binti zirudishe, au akija aziondoe. Si sumu, ila soya ya sokoni, ile inayokuja kutoka Njombe na Songea, ina gramu 36 za protini kwa kila gramu 100, na unaijua ilikotoka.

Na wewe baba unayesoma, shikamoo. Kidole gumba kinachovimba usiku baada ya nyama choma na bia kinafanana sana na gauti, ambayo hutokana na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu. Inapimwa na ina dawa. Diklofenaki ya kila usiku kwa umri wako ni hatari kwa figo na kwa presha, kwa hiyo kama unayo mfukoni mwonyeshe daktari. Mwalimu atakapokwenda Mbeya, nenda naye, yeye akitoa damu ya B12 wewe unatoa ya yuriki. Ondokeni alfajiri kabla ya kula, maana sukari na mafuta ya damu hupimwa tumbo likiwa tupu, naye dawa yake ya asubuhi aimeze baada ya kipimo akiwa anakula. Bebeni viazi vya kuchemsha na parachichi, mle mkishamaliza maabara.